Kilomita laki moja bila kufungua injini

Jumanne iliyopita, nikirudi kutoka Turiani na maboksi matupu ya vifaranga, namba za kilomita kwenye pikipiki yangu zilifika 99,999. Nilisimama kando ya barabara, nikapangusa kioo kwa ncha ya shati, kisha nikaendesha polepole mpaka tarakimu zote tano zikageuka sifuri. Nilipofika kijiweni Morogoro, kijana mmoja aliniamkia, akainama na kuzisoma, akauliza, "Mzee, hii umeitoa dukani lini?" Nilipomweleza kuwa niliinunua mwaka 2016 na kwamba injini yake haijawahi kufunguliwa, wenzake walicheka na kusema namba zimechezewa. Pale sikuwajibu; ninawajibu hapa.

Jibu lenyewe linaanzia kwenye pikipiki yangu ya kwanza, ambayo iliniishia mikononi ikiwa na kilomita 31,000. Fundi wangu wa wakati huo alinishauri niondoe filta ya hewa ili injini "ipumue" na kupanda milima vizuri, nami nikakubali kwa furaha, kwa sababu mlio wake baada ya hapo ulikuwa wa kibabe kweli. Vumbi la njia za mashambani likawa linapita kwenye kabureta hadi ndani ya silinda, ambako lilichanganyika na oili na kugeuka msasa kati ya ringi, yaani pete za pistoni, na ukuta wa silinda. Baada ya miezi michache ulianza kutoka moshi wa bluu, na kila nilipochomoa kijiti cha kupimia oili nilikikuta kikavu. Siku ilipofunguliwa nilipitisha kidole ndani ya silinda, na ukucha ukakwama kwenye michirizi. Fundi yuleyule alinitoza shilingi 280,000 za kuchonga silinda na kufunga pistoni kubwa zaidi, bila kukumbuka, au akijifanya hakumbuki, ni nani aliyetupa filta. Hadi leo nikipita mtaa ule ninaongeza mwendo.

Kwa hiyo, injini ndogo inayopozwa kwa hewa hudumu kiasi gani? Ikitunzwa, kilomita 50,000 hadi 100,000 kabla ya kudai ringi si jambo la ajabu. Ikitelekezwa, hata 30,000 ni bahati. Pikipiki nyingi za cc 125 au 150 hubeba takriban lita moja tu ya oili, na lita hiyo moja hulainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja, ilhali gari dogo lina lita tatu au nne na gia zake zina oili ya peke yake. Ukipungukiwa robo lita kwenye gari, huenda usigundue. Kwenye pikipiki umepoteza robo ya uhai wake. Tena usiweke oili ya gari kwa sababu tu imebaki kwenye kopo la shemeji, kwani baadhi yake ina viungo vinavyofanya klachi iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki.

Mimi nina daftari la shule ambalo kila mstari wake una tarehe, kilomita na aina ya oili. Mstari wa kwanza ni wa kilomita 500, na baada yake sikuwahi kupitisha 2,000 bila kumwaga oili na kuweka mpya. Kiangazi ninasafisha filta kila Jumapili. Masika ninaondoa tope kwenye mapezi ya injini, yale mabati membamba ya kupozea, kwa sababu tope likikaukia pale joto halina pa kutokea. Najua kijana wa mkataba hulala akiwaza hesabu ya bosi, na oili huonekana kama fedha iliyomwagwa chini, lakini kijana huyohuyo hakosi bando wala taa za rangi chini ya tangi. Mwageni oili, ndugu zangu. Mwageni kabla haijawa nyeusi kama lami.

Sisemi injini yangu ni mpya. Asubuhi ikiwa baridi, cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini, inagonga kwa dakika nzima kabla ya kutulia, na fundi wangu wa sasa amesema nitafute cheni na kikazio chake. Tutafungua kifuniko cha juu Jumamosi, ringi zibaki zilipo. Wale vijana wa kijiweni nimewaalika waje waangalie, na daftari nitakuja nalo.