Kabla hujamhubiri mbuzi

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha shule ya Jumapili nilipiga mstari katikati ya ubao. Kulia nikachora kondoo, kushoto mbuzi. Nikawaambia watoto kwamba kondoo ni mtii, mbuzi ni mkaidi na mharibifu wa mashamba ya watu, ndiyo maana katika Mathayo 25 kondoo wanaingia uzimani na mbuzi motoni. Watoto wakacheka, nami nikajiona mwalimu.

Jumatano yake bibi mmoja akanifuata nyumbani. Nilimkaribisha kiti, akakataa. "Mwalimu, mjukuu wangu amegoma kuchunga. Anasema mbuzi wangu ni wa Shetani." Alikuwa nao saba, na hao ndio waliokuwa wakimnunulia yule mtoto sare na madaftari.

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikachukua itifaki, kile kitabu kinachopanga maneno ya Biblia kwa alfabeti na kuonyesha yalipo, nikamfuata mbuzi tangu Mwanzo. Niliaibika. Kutoka 12:5 inasema mwana-kondoo wa Pasaka "mtamtwaa katika kondoo au katika mbuzi". Kutoka 26 inaagiza maskani, lile hema la ibada, ifunikwe kwa mapazia ya singa za mbuzi. Kisha Walawi 16, Siku ya Upatanisho: wanaletwa mbuzi wawili, mmoja anachinjwa, wa pili anawekewa mikono kichwani na kupelekwa jangwani na maovu ya watu. Mnyama niliyemkabidhi Shetani ubaoni ndiye aliyebebeshwa dhambi za Israeli nzima.

Nikarudi Mathayo 25 na kuisoma polepole. Yesu hasemi popote kwamba mbuzi ni mkaidi. Hilo tumeliongeza sisi. Anachosema ni kwamba Mwana wa Adamu atawabagua watu "kama vile mchungaji abaguavyo kondoo na mbuzi", na mashtaka yanayofuata hayagusi tabia ya mnyama yeyote: nilikuwa na njaa hamkunipa chakula, nilikuwa mgonjwa hamkuja kunitazama. Mimi nimekua nikichunga, na hapa ndipo nilipojicheka. Hawa kondoo wetu wekundu wenye manyoya mafupi, ukiwaona kwa mbali wamechanganyika na mbuzi, huwajui mpaka utazame mikia: wa kondoo unaning'inia, wa mbuzi umesimama. Mpita njia anaona kundi moja. Mchungaji hakosei. Na katika mfano ule pande zote mbili zinashangaa na kuuliza, "Ni lini tulipokuona?" Hata waliotengwa hawakuwa wakijijua.

Tangu hapo, nikikutana na mnyama katika Biblia, swali la "anamaanisha nini" nalichelewesha. Kwanza nauliza alikuwa akifanya kazi gani kwa mwenyewe. Nakushauri ufanye hivyo, hasa kama unafundisha watoto wa wafugaji, maana hao watakukamata.

Chunga pia methali zako. Sisi tunaosema asante ya punda ni mateke tunafika Jumapili ya Mitende tukiwa tumeshamdharau punda, halafu tunahubiri kwamba Yesu alichagua mnyama wa hovyo. Lakini katika Waamuzi 10 Yairi ana wana thelathini wanaopanda wana-punda thelathini, na hiyo inatajwa kama fahari ya nyumba yake. Sulemani alipokwenda kutiwa mafuta alipandishwa nyumbu wa Daudi, yule mzaliwa wa punda na farasi. Zekaria 9:9 inasema mfalme anayekuja juu ya punda ni mnyenyekevu, ni kweli, ila usiishie hapo. Mstari wa 10 unaondoa gari la vita na farasi. Farasi alikuwa wa vita, kwa hiyo anayeingia mjini juu ya punda hajaja kupigana. Na katika Hesabu 22, punda ndiye aliyemwona malaika wakati nabii Balaamu anampiga kwa fimbo. (Watoto wanaipenda hadithi hii kuliko zote, wala haihitaji ufafanuzi.)

Ng'ombe alinichukua muda. "Usimfunge ng'ombe kinywa apurapo nafaka," Kumbukumbu 25:4. Darasa langu halikuelewa kitu, kwa sababu kwetu mtama unapurwa kwa fimbo. Ilibidi nieleze kwamba kule ng'ombe walikanyaga masuke kiwanjani, na mwenye mali mchoyo angeweza kuwafunga midomo wasile punje hata moja. Baada ya hapo Paulo akaeleweka bila shida, anapoutumia mstari huo kutetea haki ya mtenda kazi kula kwa kazi yake. Lakini usimgeuze ng'ombe kuwa ishara ya bidii kila mahali. Ndama wa Haruni ni sanamu, na wale wawili wa Yeroboamu, Betheli na Dani, vilevile.

Nguruwe nampitia haraka, maana nusu ya darasa wanatoka kwenye nyumba za kitimoto. Nawaambia tu kwamba kijana wa Luka 15, yule mwana mpotevu, alikuwa Myahudi, na kwa Myahudi kulisha nguruwe kulikuwa kufika mwisho kabisa.

Anayesahaulika ni kuku. Wahubiri wanapenda simba wa Yuda, ila Yesu alipoulilia Yerusalemu katika Mathayo 23:37 alijifananisha na kuku anayekusanya vifaranga chini ya mabawa. Ukitaka kuufundisha mstari huo, ngoja siku mwewe akizunguka juu ya uwanja.

Yule mvulana alirudi kuchunga baada ya kumsomea Walawi 16 mbele ya bibi yake. Sasa ananiwinda kwa maswali. Juzi aliuliza kuhusu paka. Nikamwambia paka wa kufugwa hayumo katika vitabu 66 tunavyosoma sisi, ila Wakatoliki wanao, katika Barua ya Yeremia: wanatua juu ya sanamu za miungu pamoja na popo na mbayuwayu. Akataka kujua paka hao wanamaanisha nini. Nikamrudisha nyumbani akaangalie kwanza paka wao hupenda kulala juu ya nini.