Maswali ya Wasomaji: Negativu za Baba Zisifutwe kwa Kitambaa

SWALI: Mimi ni binti wa mpiga picha aliyekuwa na studio hapa Tanga tangu miaka ya 1960. Baba ametuachia masanduku mawili ya negativu. Nyingi ni za mraba, nyeusi na nyeupe, upana wake kiasi cha sentimita 6. Nyingine ni mikanda midogo ya milimita 35. Nataka kuzihamishia kwenye kompyuta. Fundi mmoja amenishauri ninunue skana, mwingine anasema kamera inatosha. Zina vumbi, na baadhi zimeota ukungu. Je, nizioshe kwanza?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mzee, Mwenyezi Mungu amrehemu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari: usizioshe, wala usizifute kwa kitambaa. Wapiga picha wengi wa studio wa zama zile walirekebisha nyuso kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, wakichora juu ya negativu yenyewe, upande usiong'aa. Chukua negativu moja yenye sura ya mtu, ishike pembeni kwa vidole viwili, kisha iinamishe karibu na dirisha mpaka mwanga uipige kwa ubavu. Huenda ukaona vijistari vya kijivu vimesongamana kwenye paji la uso na chini ya macho. Hiyo ni kazi ya mkono wa baba yako. Kovu au chunusi huonekana kwenye negativu kama kidoa kinachopitisha mwanga mno, na penseli ilikijaza kidoa hicho ili ngozi itoke laini kwenye karatasi. Kitambaa kibichi kikipita mara moja tu, kazi hiyo imekwenda.

Vumbi liondoe kwa pampu ndogo ya mpira ya kupuliza hewa, na si kwa mdomo, kwa kuwa mate huacha alama. Ukungu nao hula gelatini inayobeba picha, na sehemu iliyoliwa huweza kuyeyuka ikiguswa na maji. Kwa hiyo zile zenye ukungu zitenge na nyingine, uziweke mahali pakavu, na uzipige nakala kama zilivyo.

Sasa nije kwenye skana na kamera. Mafundi wako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amesema nusu. Skana bapa ya kufaa ni ile yenye taa kwenye mfuniko, kama Epson V600, kwa maana skana ya kawaida ya ofisini humulika kutoka chini na negativu hutaka mwanga upenye. Usidanganywe na tarakimu za kwenye boksi. Skana za aina hii hutangazwa kuwa na nukta 6400 kwa inchi, lakini zikipimwa kwa kibao cha mistari mara nyingi hazifiki hata nusu ya hapo. Tuseme umepata 2400 za kweli, ambazo tayari ni nyingi: negativu ya mraba itakupa takriban megapikseli 28, na utaichapisha kwa upana wa zaidi ya sentimita 40 bila kupoteza ukali. Fremu ya milimita 35, yenye ukubwa wa milimita 24 kwa 36, haitakupa hata megapikseli 8. Kwa masanduku yako, basi, ningependa zile za mraba ziende kwenye skana, na mikanda midogo ipigwe kwa kamera yenye lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu.

Katika skana, zima kabisa kipengele cha kuondoa vumbi kwa mwanga wa infraredi. Kinafaa kwa negativu nyingi za rangi, lakini picha nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za fedha, na fedha huzuia mwanga huo, hivyo mashine huidhania picha yenyewe kuwa uchafu na kuanza kuiziba.

Katika kamera, kazi kubwa ni kuiweka lenzi sambamba na filamu. Weka kioo cha kujitazamia mahali pa negativu, uisogeze kamera mpaka uone lenzi inajitazama katikati ya picha, hapo imenyooka. Chini weka taa ya LED yenye mwanga mweupe uliosambaa sawasawa, na juu yake kipande cha plastiki nyeupe kama ile ya mabango ya maduka. Iinue filamu sentimita chache juu ya plastiki hiyo ili vumbi lake lisitokee kwenye picha. Zima taa za chumbani, tumia f/8 (kipimo cha tundu la lenzi) na ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga), kisha uache kipima muda cha sekunde 2 kifyatue chenyewe ili mkono wako usiitikise kamera.

SWALI: Nimezipiga kwa kamera negativu za rangi za harusi yetu. Nikizigeuza ziwe picha za kawaida kwenye programu, kila kitu kinakuwa buluu. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Hujakosea. Rangi ya chungwa uionayo kwenye negativu hizo imewekwa kiwandani makusudi, kufidia kasoro za rangi zilizomo ndani ya filamu, na ikigeuzwa huwa buluu. Piga katika mfumo wa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, uache ukingo mtupu wa filamu uonekane, pimia nyeupe yako (white balance) hapo, ndipo ugeuze. Programu ya bure ya darktable ina sehemu iitwayo negadoctor inayofanya kazi hiyo vizuri. Ngozi za watu zipatanishe mwishoni, ukiwa na picha moja ya karatasi ya siku ile mkononi ikiwa bado ipo.

SWALI: Nikishamaliza kuzihamisha, negativu nizitupe?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Usizitupe, tafadhali. Hifadhi faili kuu katika TIFF ya biti 16, aina ya faili isiyopoteza maelezo ya picha, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Negativu zenyewe ziweke katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya boksi lenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Zikianza kunuka siki, zitenge na nyingine siku hiyohiyo na uzipige nakala kabla ya zote.