Ni mimi nimezeeka au Rocksteady wamebadilika? Maswali yenu kuhusu magemu ya Batman

Toleo lililopita niligusia kidogo tu magemu ya Batman ya Rocksteady, na barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilivyotegemea, wengine wameandika kurasa mbili nzima. Siwezi kujibu zote ila hizi hapa nimezichagua kwa sababu zinagusa kile ambacho hata mimi kinaniuma.

*Dada mambo. Arkham Asylum niliicheza enzi hizo kibandani kwenye PS3, tunalipia nusu saa, muda ukiisha unainuka na Joker yuko mbele yako. Juzi nikapata vihela nikanunua Suicide Squad, kampuni ile ile, nimeicheza wiki mbili nimeiacha inakusanya vumbi. Niambie ukweli, ni mimi nimezeeka au ni wao wamebadilika? (Fundi simu, Tandika)*

Hujazeeka kaka. Wao ndo wamebadilika, na ngoja nikueleze vizuri maana hili jambo nalifuatilia kwa miaka.

Rocksteady ni studio ya London, ilianzishwa 2004 na Sefton Hill na mwenzake Jamie Walker. Kabla ya Batman walikuwa wametoa gemu moja tu, Urban Chaos: Riot Response ya 2006, ya askari wa kutuliza fujo, watu wengi hata hawaijui. Na kipindi kile magemu ya mashujaa yalikuwa na jina baya sana, filamu ikitoka inafuatwa na gemu iliyolipuliwa haraka haraka ili iwahi siku ya filamu, unanunua, unacheza siku mbili, unajuta. Sasa hawa jamaa, timu ilianza na watu kama 40 hivi ikaishia 60, wakakaa chini wakajiuliza kuwa Batman kunafananaje mkononi mwa mchezaji. Arkham Asylum ikatoka Agosti 2009, haina filamu yoyote inayoifukuzia, ikachukua tuzo ya BAFTA ya gemu bora mwaka uliofuata na Guinness wakaiandika kwenye kitabu chao kama gemu ya shujaa iliyosifiwa kuliko zote.

Kumbuka zile ngumi. Wewe umecheza, najua vidole vyako bado vinakumbuka. Mraba unapiga. Adui akitaka kukupiga vinawaka vimistari vidogo juu ya kichwa chake, unabonyeza pembetatu, Batman anageuka anaudaka ule mkono hewani, na papo hapo unaelekeza pedi kwa mwingine aliyeko mbali na Batman anaruka mpaka kwake bila kusimama, unahesabu 8, 9, 10, ukibonyeza ovyo ovyo kwa pupa inakatika unaanza moja. Kuna wakati wakiutengeneza huo mfumo walifikiria kufanya mapigano yawe kabisa gemu ya kufuata mdundo kama wa muziki, halafu wakajaribu na toleo la bapa lenye miduara ya rangi inayogongana tu, ndo wakafika pale walipofika. Ndo maana ukishazoea hupigani tena, ni kama unapiga ngoma, ukikosa pigo moja unajisikia mwenyewe. Baada ya hapo ukaona magemu mangapi yameiga ule mtindo, mengi sana.

Halafu 2011 wakaleta Arkham City. Kwenye Metacritic, ule mtandao unaokusanya alama za wahakiki, toleo la PS3 lina alama 96, na wiki ya kwanza tu nakala milioni 4.6 zilipelekwa madukani. Mimi naiweka juu kuliko zote na sababu yangu ni moja, lile pambano na Mr. Freeze. Ukimpiga kwa kumvamia kutoka juu, basi hiyo njia imekufa, anajikinga nayo, ukitokea chini ya sakafu nayo inakufa, kila mbinu unaitumia mara moja tu, kwa hiyo unalazimika kukumbuka kila kitu ulichofundishwa tangu gemu inaanza. Yaani mtu aliyebuni lile pambano alikuheshimu wewe mchezaji, aliamini una akili.

Sasa njoo Suicide Squad: Kill the Justice League, Februari 2024. Una wahusika wanne, wahalifu waliotumwa kuwaua mashujaa akiwemo Batman, yaani Harley Quinn, Deadshot, Captain Boomerang na King Shark, mji ni Metropolis, na kazi karibu yote ni kufyatua bunduki kwenye madoa ya zambarau yanayong'aa, namba zinaruka ruka hewani, unaokota silaha mpya yenye asilimia kadhaa zaidi ya ile ya jana, unarudia. King Shark ni papa, papa mzima kaka, ana meno na misuli, na muda mwingi unamtumia kubeba bunduki kama wenzake. Hapo ndipo nilipoumia. Watu walewale waliokaa wakawaza mkono wa Batman unavyodaka ngumi, sasa wamepewa wahusika wanne tofauti kabisa na wote wanaishia kufanya kitu kimoja. Na sisemi hawana kipaji, sura za wahusika zinavyoongea mle ndani ni kazi ya hali ya juu, macho yanasema kabla ya mdomo. Shida ni aina ya gemu waliyoingia, ile isiyoisha, inayokuletea msimu baada ya msimu ili uendelee kununua mavazi dukani humo humo. Marvel's Avengers walijaribu hivyo hivyo 2020, na kufikia 2023 wakaacha kuihudumia. Warner ambao ndio wenye studio waliona hilo na bado wakaendelea, na matokeo yake walitangaza wenyewe hasara ya dola milioni 200 kwa gemu hii. Hill na Walker walishaondoka mwishoni mwa 2022, kabla haijatoka, sasa wana studio yao mpya inaitwa Hundred Star Games, na mimi naisubiri kwa hamu kweli.

*Hivi Gotham Knights nayo si ya hao hao? Mbona ilikuwa ya kawaida sana. (Barua pepe, bila jina)*

Siyo yao. Gotham Knights ya 2022 ni ya WB Games Montréal, Kanada, ndio pia waliotengeneza Arkham Origins 2013. Watu wengi wanachanganya kwa sababu mwenye haki ni mmoja, Warner.

*Dada, habari za huko. Mimi sijaicheza Suicide Squad lakini niliona vijana huku wakilalamika kuwa Batman kauliwa akiwa ameketi kwenye benchi, hata kupigana hakupigana. Hebu nambie, si hadithi tu? Watu kukasirika kiasi kile kwa nini? (Msomaji, Mombasa)*

Ni hadithi ndiyo, ila sikiliza. Sauti ya Batman kwenye Asylum, City na Arkham Knight, ile ya 2015, ni ya Kevin Conroy, mtu aliyeanza kuwa Batman kwenye katuni za TV mwaka 1992. Kuna watu wamekua na hiyo sauti, wameanza kuisikia wakiwa darasa la pili na wameendelea kuisikia mpaka wana watoto. Conroy alifariki tarehe 10 Novemba 2022 akiwa na miaka 66, na Suicide Squad ni moja ya kazi zake za mwisho, ikatoka yeye keshazikwa. Sasa mtu ananunua gemu ili amsikie mara moja zaidi, anafika kule ndani anakuta Batman kafungwa kwenye benchi, Harley anaongea naye, anampiga risasi, basi, imeisha. Huwezi kuniambia nisiumie.

Na kinachouma zaidi, saa chache kabla ya hapo gemu hiyo hiyo ilikuonyesha ingeweza kuwa nini. Kuna sehemu mnaingia kwenye jumba la maonyesho la Batman, taa zinazima, na yule Batman mliyekuwa mnamwendesha kwenye magemu yote yaliyopita sasa anawawinda nyinyi. Giza, pumzi, mmoja mmoja mnanyakuliwa. Kwa mara ya kwanza unajua wale majambazi wa Arkham walikuwa wanajisikiaje wewe ukiwa juu ya dari. Wale wanaoisema vibaya gemu nzima hapo wananyamaza. Halafu unatoka nje unarudi kwenye madoa ya zambarau.

Baadaye, kwenye msimu wa mwisho Januari 2025, wakaeleza kwa video ya michoro kwamba yule hakuwa Batman halisi, Batman yu hai. Wengine limewatuliza. Mimi halikunituliza, maana kitu kikubwa namna ile ulitakiwa ukicheze mwenyewe.

*Nina kompyuta nzuri kiasi, nataka Arkham Knight lakini rafiki yangu ananiambia nisithubutu, eti ya PC ni bovu. Kweli? (Mwanachuo, Dodoma)*

Rafiki yako anakumbuka 2015, na mwaka ule alikuwa sahihi kabisa. Ilitoka 23 Juni, kwenye konsoli ikiwa safi, kwenye PC ikiwa balaa, picha inakwama kwama, imefungiwa isizidi fremu 30 kwa sekunde hata kama mashine yako ina nguvu, na toleo hilo la PC lilikuwa limepewa studio nyingine ya nje kulitengeneza. Ndani ya siku mbili Warner wakasimamisha mauzo, ikarudi sokoni mwisho wa Oktoba baada ya kurekebishwa. Leo mashine ya kawaida inaibeba vizuri, chukua tu, na ile mvua ya Gotham inavyotiririka kwenye koti la Batman ni nzuri mpaka leo. Ila jiandae na gari. Batmobile kulikimbiza barabarani ni raha, lakini wameligeuza kifaru na kila ukigeuka unaambiwa pigana na vifaru vingine, mpaka maadui wakubwa uliokuwa unawasubiri kupigana nao ana kwa ana unaletewa ndani ya gari, hiyo lawama waliipata na mimi nasema waliistahili.

*Shikamoo? Sijui umri wako mwanangu, nisamehe. Kijana wangu ana miaka 11 na ananisumbua nimnunulie magemu ya Batman. Yanafaa kwa mtoto? (Mama wa watatu, Morogoro)*

Shikamoo ni yako mama, mimi ndiye niliyepaswa kuanza. Asante kwa kuuliza kabla ya kununua. Kule Marekani Asylum na City zimepewa alama ya T, yaani kuanzia miaka 13, na Arkham Knight na Suicide Squad zina M, kuanzia 17. Hizo mbili za mwisho msimpe kabisa, zina mauaji na lugha chafu. Hata Asylum kuna Scarecrow, adui anayetisha watu kwa hofu zao, na mle kuna sehemu gemu inajifanya imekwama, picha inachanika, inaanza upya kama imezimika, na ukirudi unakuta Joker ndiye anaendesha gari na Batman ndiye kafungwa. Mimi mtu mzima niliinuka kuiangalia mashine nikidhani imekufa. Kwa miaka 11 mtafutie Lego Batman, ni ya studio nyingine ya Uingereza, inachezwa na watu wawili pamoja, hata wewe mama unaweza kushika pedi ya pili.

*Mimi niko Bukoba, nina PS4, intaneti yetu ni ya bando na ya kubahatisha. Nianze na ipi? (Msomaji, Bukoba)*

Tafuta diski ya Batman: Return to Arkham, ilitoka 2016 kwa PS4, ndani ina Asylum na City zote mbili, na hadithi unaicheza mwanzo mwisho bila intaneti. Suicide Squad hata usijisumbue, haikutoka kwa PS4, na ilipoanza ilikuwa lazima uwe umeunganishwa muda wote hata ukicheza peke yako. Waliolipa zaidi ili waanze mapema, siku ya kwanza wengine walifungua wakakuta gemu inawaambia wameshaimaliza, seva zikazimwa masaa kadhaa watu wanasubiri. Uwezo wa kucheza bila intaneti ulikuja Desemba 2024, yaani miezi kumi nzima baadaye, na kwa mtu wa bando hiyo miezi kumi ni pesa.

Anza na Asylum, usiruke. Na ukifika kwenye ofisi ya mkuu wa gereza, Quincy Sharp, kabla hujaondoka paka jeli ya kulipua kwenye kuta zake. Kuna ukuta mmoja mle ambao yale macho ya upelelezi ya Batman hayauonyeshi kabisa, hauna alama, hauna ufa, na ukilipua mara ya kwanza hakuna kinachotokea, mara ya pili hakuna, ya tatu unabomoka. Nyuma yake kuna chumba chenye michoro ya Arkham City, gemu ambayo wakati huo hakuna aliyekuwa anajua inakuja. Miezi ilipita, mamilioni ya watu wameicheza na hakuna aliyekiona kile chumba, mpaka Rocksteady wenyewe wakasema kipo.