Maswali yenu kuhusu kazi: Gita inasema nini hasa

Maswali yamekuja mengi kuhusu kazi na falsafa ya Kihindu, nimechukua sita. Kwa asiyeijua Bhagavad Gita, nianze naye: ni mazungumzo ya Arjuna, mpiga upinde hodari, na Krishna, mungu wa Kihindu ambaye siku hiyo alikuwa anamwendeshea gari la farasi, katikati ya uwanja wa vita wa Kurukshetra. Sura 18, beti kama 700, na imo ndani ya utenzi mkubwa wa Mahabharata. Kilichonivuta mimi miaka yote ni kwamba hayo mazungumzo hayakufanyika hekaluni wala msituni, yalifanyika kazini. Arjuna yuko kazini, anawaona ndugu zake na walimu wake upande wa pili, mikono inatetemeka, upinde unamponyoka, anakaa chini anasema mimi sipigani. Nani hajawahi kukaa hivyo asubuhi ya Jumatatu.

Mimi ni mtu wa mauzo, nalipwa kwa kamisheni. Kila mtu ananiambia eti Gita inasema fanya kazi usijali matokeo. Nisipojali matokeo si nitakufa njaa?

Ndugu yangu sikulaumu hata kidogo, maana huo mstari watu wanaunukuu nusu. Uko sura ya 2, mstari wa 47, na una vipande vinne: haki yako iko kwenye kutenda, haiko kwenye matunda kamwe, matunda yasiwe ndo sababu ya wewe kutenda, na wala usije ukanogewa na kutokutenda. Hicho cha nne ndo kinarukwa. Yaani Krishna alishaona kwamba kuna mtu atasikia "achana na matunda" halafu aende zake kulala, akamfungia mlango palepale.

Sasa ruka mpaka sura ya 18, mstari wa 14, haunukuliwi sana ila kwa mtu wa mauzo mi naona ndo wenyewe. Anasema kila tendo lina sababu tano: mwili ambao ndo makao yake, mtendaji, vifaa, juhudi za aina mbalimbali, na la tano ni lile lisilo mikononi mwa mtu, majaliwa. Jipigie hesabu. Mteja kakuelewa, bidhaa ni nzuri, umeeleza vizuri, halafu usiku huohuo mtoto wake kaugua hela yote ikaenda kwenye matibabu. Hukuuza. Umekosea wapi? Hakuna ulipokosea, ni ile sababu ya tano imeingia. Ukijipima kwa tunda peke yake utajiona hufai siku ambayo ulifanya kazi safi kuliko zote, na utajiona fundi siku ambayo ulibahatisha tu. Kwa hiyo targeti weka, kamisheni pokea, mwisho wa mwezi kaa chini piga mahesabu yako kama kawaida. Ila ukiwa mbele ya mteja uwe mbele ya mteja kweli, usiwe umeshaondoka kimawazo uko kwenye kugawa kamisheni ambayo hujaipata, maana watu wanaliona hilo kwenye macho.

Mi mwenyewe niliwahi kukimbizana na cheo fulani miaka mitatu, nikakikosa, akapewa mtu mwingine. Kilichoniuma baadaye wala siyo cheo. Ni kwamba katika ile miaka mitatu sikumbuki kazi hata moja niliyoifanya nikaifurahia, zote nilizifanya jicho moja liko mlangoni kwa bosi.

Nasafisha vyoo kwenye jengo la maofisi. Hata ndugu zangu hawapendi kutaja kazi yangu. Haya mambo ya "kazi yenye maana" si ni ya wasomi tu?

Dada yangu, hapana, na nina hadithi yako kabisa. Iko kwenye kitabu cha tatu cha Mahabharata.

Kulikuwa na msomi mmoja anaitwa Kaushika, brahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani, kaacha wazazi wake nyumbani kaenda kusoma Veda, maandiko matakatifu ya kale, na kujinyima. Siku moja amekaa chini ya mti ndege akamdondoshea kinyesi, akamtazama kwa hasira, ndege akaanguka akafa. Akajuta kidogo, lakini nadhani na kiburi nacho kilikuwepo, maana sasa kajua macho yake yana nguvu. Akaenda kuomba chakula nyumba moja, mama wa nyumba akamwambia subiri, mara mume wake karudi amechoka ana njaa, yule mama akamhudumia mumewe kwanza. Msomi kasubiri mpaka kachemka. Mama alipotoka akamwambia kwa upole, mimi siyo yule ndege, hasira yako hainiunguzi. Jamani! Kajuaje? Akamwambia kama unataka kuijua dharma, yaani wajibu na njia iliyo sawa, nenda mji wa Mithila, kamtafute muuza nyama.

Muuza nyama, kwa brahmani! Kazi ambayo watu kama yeye hata kupita karibu nayo walikuwa wanajisikia vibaya. Kaenda, kamkuta mtu yuko buchani katikati ya wateja anauza nyama ya nyati. Yule mtu akanyanyuka akamsalimia kwa heshima akasema, najua nani kakutuma. Akamchukua mpaka kwake, na huyo muuza nyama ndo akamfundisha yule msomi habari za dharma, nafsi na hasira. Akamwambia kazi hii nimeirithi, mimi siui, nauza kilichochinjwa na wengine, sidanganyi, kwa nilichonacho natoa, na wazazi wangu wazee ndo miungu yangu, akamwonyesha alivyowatunza. Mwisho akamwambia rudi nyumbani, wazazi wako wamepofuka kwa kukulilia.

Mi kila nikiisoma naganda hapo kwa yule mama na yule muuza nyama. Waandishi wa zamani wangeweza kumpa hekima mfalme au mtawa, wakaiweka jikoni na buchani. Wewe unasafisha mahali ambapo kila mtu kwenye hilo jengo, kuanzia mkurugenzi, lazima apite, na wasipougua kuna mkono wako. Gita ina neno la hilo, lokasangraha, kuushikilia ulimwengu usiporomoke. Hao ndugu wasiotaka kutaja kazi yako hawajui wanachokificha.

Gita inasema bora wajibu wako hata ukiufanya na kasoro kuliko wa mwenzio ukiufanya vizuri. Si ndo maneno haya yalitumika kuwabana watu kwenye matabaka?

Ndiyo, yalitumika hivyo, na sitakuficha. Watu wengi sana India waliambiwa umezaliwa hapa utafia hapa, na maandiko yakawa fimbo. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa kwenye jamii iliyoitwa wasioguswa na baadaye akaongoza uandishi wa rasimu ya katiba ya India, aliyakataa hadharani, na mwaka 1956 akauacha Uhindu akawa Mbudha pamoja na maelfu ya watu. Kifungu cha 17 cha ile katiba kilikuwa kimeshapiga marufuku hiyo desturi ya kutomgusa mtu.

Ninachoweza kusema upande wa pili ni kwamba Gita yenyewe, sura ya 4 mstari wa 13, inataja sifa za mtu na matendo yake, na Wahindu wengi wa leo wanausoma hivyo, kwamba wajibu unafuata tabia yako na siyo ukoo. Wapo pia watu kama Ravidas wa Varanasi, fundi wa ngozi, aliyeimba kwamba Mungu haulizi tabaka, na mashairi yake yamo mpaka kwenye kitabu kitakatifu cha Masingasinga. Mimi msimamo wangu ni mmoja: huo mstari uliouuliza, wa bora wajibu wako, jiambie mwenyewe ukiwa unamwonea wivu mwenzio. Usimwambie mtu mwingine ili abaki chini yako.

Nilisomea uhasibu ila moyo wangu uko kwenye kufundisha. Nitajuaje dharma yangu ni ipi?

Usisubiri sauti kutoka mbinguni. Angalia vitu vitatu: kazi gani ukiifanya watu wanarudi tena kwako bila kuitwa, kazi gani unaweza kuvumilia hata sehemu zake mbaya, na nani anakutegemea sasa hivi. Hilo la tatu watu hawalipendi lakini kwa Wahindu mtu mwenye familia yuko kwenye hatua yake ya maisha, grihastha, na hiyo hatua ina madai yake. Halafu ujue sura ya 18 mstari wa 48 inasema kila kazi imefunikwa na kasoro kama moto unavyofunikwa na moshi. Kufundisha nako kuna moshi, kuna kusahihisha karatasi usiku. Anza na wanafunzi wawili jioni, huku vitabu vya hesabu bado unavifunga mchana.

Je, kutaka hela ni kukosa roho?

Hapana. Malengo ya maisha kwa Wahindu yanatajwa manne: dharma, artha, kama (raha na mapenzi) na moksha (ukombozi wa nafsi). Artha ndo mali na riziki, imehesabiwa humohumo, ila dharma inaishika mkono isije ikakimbia peke yake. Isha Upanishad, andiko la kale la Kihindu lenye beti 18 tu, inaanza kwa kusema usitamani mali ya mtu, na ubeti unaofuata unasema utamani kuishi miaka mia huku unafanya kazi. Dai mshahara wako bila aibu.

Naamka nimechoka, kazini sioni maana, nataka niache kila kitu nikakae mahali pa kimya nitafakari. Nifanye hivyo?

Arjuna alisema hivyohivyo, kwamba bora aishi kwa kuombaomba. Krishna akamjibu, na jibu ni kali kidogo: hakuna anayekaa hata dakika bila kutenda, na mtu anayeizuia mikono lakini kichwani bado anazungukia vilevile alivyoviacha anajidanganya. Yaani utaenda huko kwenye kimya na bosi utaenda naye kichwani.

Lakini mdogo wangu, sitaki usikie hapo kwamba nakwambia vumilia tu. Kama hiyo kazi inakulazimisha kudanganya au kuumiza watu, toka, hapo hakuna dharma ya kulinda. Kama siyo hivyo, basi soma sura ya 6, mstari wa 16 na 17, ambako Krishna anaongea kama mama mzazi kabisa: yoga, yaani nidhamu ya kuituliza nafsi, haimfai anayekula kupita kiasi wala asiyekula, anayelala sana wala anayekesha, inamwondolea huzuni mtu mwenye kiasi kwenye chakula, kazi, usingizi na kuamka. Umeniandikia saa nane usiku, nimeona, na umesema kesho saa kumi na moja uko barabarani. Anza hapo. Zima simu saa nne, wiki mbili mfululizo, kula mchana umekaa chini siyo mbele ya kompyuta, halafu niandikie tena, ndo tuongee kuhusu kuacha kazi.