Utrasaundi ya ini imekuja safi? Msirudi kulala kwanza

Mimi kazi yangu ni kupiga utrasaundi hapa Dar, na swali nnaloulizwa sana na ndugu wa mgonjwa mwenye macho ya njano ni "dokta, ini limeshafeli?" Kwanza mimi sio dokta jamani, pili ile mashine peke yake haiwezi kukujibu hivyo.

Homa ya ini (hepatitisi) ya ghafla, iwe A, B au E, wengi wanapona. Wachache ndo ini linafeli, na hao ndo tunaowawinda mapema. Kwenye picha mimi naanza na saizi. Ini kuvimba mwanzoni ni kawaida, kinachonitisha ni ini lililokuwa kubwa juzi na leo limesinyaa, maana hapo seli zinakufa kwa wingi, halafu utakuta ALT (kimeng'enya ambacho seli za ini zikiumia zinakimwaga kwenye damu) imeshuka watu wanashangilia kumbe imeshuka kwa sababu seli za kuimwaga zimebaki chache, huku unjano unazidi. Kwa hiyo omba saizi iandikwe kwa sentimita, usikubali "ini la kawaida" tu, na ukitoka Mbagala ukaenda kupimwa Mwananyamala beba majibu ya zamani, bila hayo sina cha kulinganisha.

Maji tumboni nayo, hata yawe kidogo, muulize daktari anayachukuliaje. Ila ukuta wa kifuko cha nyongo usiwatie presha. Kawaida hauzidi milimita 3, kwenye homa ya ini unavimba sana, nishaona mgonjwa anatajiwa upasuaji wa nyongo wakati shida ni virusi. Na ukila kabla ya kipimo kifuko kinajikunja, ukuta unaonekana mnene, ndo maana tunasema kaa bila kula kama masaa 6, mtu anakuja kashapiga supu na chapati anakwambia "nilionja tu" (haya).

Sasa picha ikiwa safi isiwalaze. Kinachosema ini linafeli ni INR, kile kipimo cha damu kuganda, ikifika 1.5 kwenda juu na akili ya mgonjwa imeanza kubadilika. Na hiyo akili nyie mnaokaa nae ndo mnaiona kabla yetu: mchana analala usiku macho, anauliza kitu kilekile, ulimi mzito, akinyoosha mikono viganja vinapigapiga. Hapo hamna cha kurudia utrasaundi wala dawa ya kienyeji ya kusafisha ini, ni hospitali kubwa siku hiyohiyo, na msimpe dawa ya usingizi eti apumzike.

Mjamzito hesabu yake nyingine kabisa. Hepatitisi E ikimkuta miezi mitatu ya mwisho vifo vinaweza kufika asilimia 20 mpaka 25, so mkiona macho ya njano msianzie kwangu, anzieni wodi ya wazazi, mashine wakiihitaji wataniita niisukume mpaka kitandani kwake.