Kurudi, kurudia, kurudisha: data ikiharibika njiani, mnara umefanya nini?

Swali limetoka kwa kijana anayesomea mawasiliano ya simu hapa Kampala. Kwenye ripoti yake aliandika hivi: "Data ikikosa, mnara unarudisha data iliyotumiwa mpaka simu ipate." Msimamizi wake akaizungushia kalamu nyekundu, akamwambia sentensi imegeuka kichwa chini. Anauliza: "Mwalimu, nisemeje sasa? Kurudisha, kurudia ama kutuma tena? Na ni kosa ama ni hitilafu?"

Mdogo wangu, kwanza hongera kwa kuyaandika haya mambo kwa Kiswahili. Mwaka 2022 baraza letu la mawaziri lilipitisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, sasa watoto hao wakifika chuo watataka kusoma sentensi kama zako, kwa hiyo tuzinyooshe mapema. Na msimamizi wako yuko sawa kabisa, vitenzi vitatu hapo vimeteleza.

Kurudisha ni kupeleka kitu kule kilikotoka. Ukisema mnara unarudisha data, mimi nasoma kwamba simu ilituma data, ikafika mnarani, mnara ukaikataa ikarudi kwenye simu. Wewe ulitaka kusema mnara unatuma mara ya pili, na hiyo ni kurudia. Mzizi ni ule ule, rudi, lakini kile kiambishi cha mwisho ndo kinaamua nani anafanya nini, na kwenye somo lako hilo si jambo dogo manake pande zote mbili zina kazi. Mnara unatuma. Simu inakagua ilichopata alafu inarudisha jibu, "nimepata" ama "sijapata". Mnara ukisikia "sijapata" unarudia kutuma. Kwa hiyo kinachorudishwa ni jibu tu, data yenyewe hairudi popote. Kwenye 4G hilo jibu linatoka kama milisekunde 4 baada ya data kufika, na mnara haukai bure ukilisubiri, unaendelea kutuma vipande vingine, vinaweza kuwa vinane njiani kwa wakati mmoja kila kimoja kinasubiri jibu lake.

Najua pia kinachotuvuta tuliozoea Luganda. Okuddamu kwetu ni kujibu na ni kurudia, yote mawili kwa neno moja, na kwenye mazungumzo hakuna anayepotea. Ila hapa anayejibu ni simu na anayerudia ni mnara, ukizichanganya msomaji hajui tena data inaelekea wapi.

Sasa "iliyotumiwa". Kutuma kunazaa kutumwa, kutumia kunazaa kutumiwa. Shida ni kwamba kutumia kuna maana mbili, kumpelekea mtu kitu (nitumie hela) na kufanyia kitu kazi, na mtu wa Kampala akisoma "data iliyotumiwa" anafikiria bando lililoisha. Andika data iliyotumwa. Na uangalie sana usije ukaandika "kurudia kutumia data" ukidhani umesema kuituma upya, hapo umesema unaitumia mara ya pili, ni habari nyingine kabisa.

Tuje kwenye kosa. "Data ikikosa" haisimami, kukosa ni kutopata, simu ndo inakosa data. Sema data ikiwa na makosa, ama data ikiharibika njiani. Kati ya kosa na hitilafu mimi nachagua hivi: hitilafu niachie mitambo, vile tunavyosikia kwenye habari "hitilafu ya umeme", na kosa tulitumie kwa biti (zile 0 na 1 zinazounda data), kwa sababu kosa unaweza kulihesabu na kulisahihisha, moja, mawili, matatu. Watu wakiandika "hitilafu za biti" siwagombezi, ila ukishachagua moja ulishike mpaka mwisho wa ripoti.

Na usichanganye kugundua kosa na kusahihisha kosa, hapa ndo wengi wanaanguka na mimi napenda kupafafanua polepole. Chukua njia aliyoichapisha mwanahisabati Richard Hamming wa maabara ya Bell Labs, Marekani, mwaka 1950. Una biti nne za kutuma, 1011. Unaziongezea biti tatu za ziada za ukaguzi zinakaa nafasi ya 1, ya 2 na ya 4, kila moja imewekwa ili kundi lake, tunaloliita kwa namba ya nafasi hiyo, liwe na idadi shufwa (inayogawanyika kwa mbili) ya tarakimu 1, inatoka 0110011. Njiani kelele za mawimbi zikaigeuza biti ya tano, simu ikapokea 0110111. Simu inakagua kundi la kwanza (nafasi 1, 3, 5, 7), inakuta tarakimu 1 ziko tatu, halikubali. Kundi la pili (2, 3, 6, 7) ziko nne, liko sawa. Kundi la nne (4, 5, 6, 7) ziko tatu, halikubali. Makundi yaliyokataa ni la 1 na la 4, jumlisha unapata 5, basi biti ya tano ndo mbovu, igeuze umemaliza. Hakuna aliyeombwa kurudia chochote, huko ndiko kusahihisha. Ungekuwa na biti moja tu ya ziada kwa zote ungejua kuna kosa bila kujua liko wapi, hapo umegundua tu, na dawa ni kuomba irudiwe.

Lakini ona gharama, biti nne zimesafiri kama saba. Ukizibebesha data zote mzigo huo hata pale mawimbi yanapopita vizuri unakula masafa bure. Ndo maana mitandao ya sasa inachanganya njia zote mbili: inatuma na ziada kidogo, simu inajaribu kusahihisha yenyewe, ikishindwa ndo inaomba. Kwenye 4G simu inauambia mnara kiwango cha kutuma ambacho inaona vipande vitakavyoshindwa mara ya kwanza havitazidi asilimia 10, yaani kushindwa kidogo kumekubaliwa makusudi ili zingine zipite haraka.

Na hapo ndo neno lako "kutuma tena" linakuwa jembamba, kwa sababu kutuma tena kuko kwa namna tatu. Namna ya zamani simu inatupa kilichoharibika, mnara unaanza mwanzo, hiyo mimi naiita kutuma upya. Namna ya pili simu haitupi, inaweka kile kibovu kwenye kumbukumbu, mnara unatuma kile kile, simu inaviunganisha viwili, na vikiungana ishara inapata nguvu hata kama kila kimoja peke yake kisingesomeka. Hiyo ni kurudia kutuma. Namna ya tatu mnara hautumi vile vile, unatuma biti nyingine za ziada ambazo mara ya kwanza zilibakishwa, simu inazijumlisha na za kwanza. Ni kama mtu anakusomea namba ya simu kwenye kelele za soko la Owino, hukusikia moja ya mwisho, badala ya kuisoma yote upya anakwambia "zote ukijumlisha ni 41", unaikamilisha mwenyewe. Hiyo siwezi kuiita kurudia, manake hakuna kilichorudiwa. Iite kuongezea: mnara unaongezea biti za ziada. Kwenye 4G na 5G ndo inayotumika sana, kwa hiyo kitenzi hiki utakihitaji kila ukurasa.

Mwisho, data iache kwenye umoja, data imefika, data imeharibika, ukitaka kuhesabu sema vipande ama pakiti, pakiti tatu zimepotea.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Data ikifika na makosa ambayo simu imeshindwa kuyasahihisha, simu inarudisha jibu la 'sijapata', na mnara unarudia kutuma au unaongezea biti za ziada mpaka data isomeke." Imerefuka, ndio, ila msimamizi wako sasa ataona nani ametuma, nani amejibu, na mara ya pili kimepita nini hewani.