Pittsburgh hadi Cumberland kwa baiskeli

Unauliza kama kuendesha baiskeli Pittsburgh hadi Cumberland, huko Marekani, ni kugombana na malori na milima? Hapana, malori hayapiti huko. Great Allegheny Passage, njia ya kilomita 240 hivi kutoka Pittsburgh hadi Cumberland, Maryland, ni ya baiskeli na waenda kwa miguu. Magari unakutana nayo kwenye vivuko na mijini tu. Na hiyo milima isikutishe. Njia yenyewe ilikuwa reli, na treni haiwezi mwinuko mkali, kwa hiyo waliojenga walifuata mabonde ya mito Youghiogheny na Casselman, penye kikwazo wakaweka daraja au wakatoboa mlima. Ukitokea Pittsburgh unapanda pole pole hata husikii, mpaka kilele cha mita 729, halafu kilomita 38 zilizobaki ni mteremko mtupu. Anayeanzia Cumberland ndiye anayezipanda hizo 38, huyo atahema kidogo.

Chini ni changarawe laini ya mawe ya chokaa iliyoshindiliwa. Tairi la milimita 35 linatosha kabisa, baiskeli ya mlimani ni kujibebesha uzito bure.

Ila angalia msimu: handaki la Big Savage, refu kama kilomita moja, hufungwa majira ya baridi kwa sababu ya barafu, hadi Aprili hivi. Na ukiunganisha hadi Washington kwa njia ya kando ya mfereji wa Chesapeake and Ohio (C&O), kilomita 297 nyingine, hiyo sehemu nyingi ni udongo. Mvua ikinyesha ni matope mpaka mgongoni, funga madigadi.